Hapa Hakuna Baba Feza

Feza mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, nimekusikia asubuhi ukiimba bafuni, tena kwa sauti ya juu, kama mtu anayekwenda harusini. Hali yangu usiulize. Umeenda Kensington kuwaaga wenzako wa kwaya, umeme umekatika tena, na mimi nimeifunika cherehani nikakaa hapa dirishani kukuandikia kabla hujarudi. Habari ya dawa za malaria, ya kuficha simu mpakani na ya kutokula ovyo njiani sitaiandika. Nimeisema mpaka ukaziba masikio.

Ninaandika Kiswahili makusudi. Najua unakisikia vizuri kuliko unavyokisoma, na kwenye maneno marefu utababaika. Soma polepole. Usimpe mtu akutafsirie, na baba yako ndiye usimpe kabisa.

Kesho unapanda basi kwenda kwake. Anapandishwa cheo, anaapishwa kuwa jaji wa mahakama ya juu, anataka ukae mstari wa mbele watu wakuone. Halafu, baada ya sherehe, atakwenda mbele ya mahakama akutambue rasmi, upate jina lake na karatasi za kwenu. Hayo uliniambia wiki iliyopita umesimama mbele ya friji, mlango wazi, unatafuta maziwa. Nikakuuliza atakutambua kwa maneno gani. Ukanisomea kwenye simu yako kile alichokutumia: kwamba anamtambua Feza kuwa binti yake, aliyezaliwa nje ya ndoa.

Nikakuuliza: "Nje ya ndoa ya nani?"

Ukacheka. "Ma, ni maneno tu ya mahakama. Wanaandika hivyo kwa kila mtu."

Maneno tu! Ulifunga friji ukaenda zako, nami nikabaki nimeshika mkasi sijui nilikuwa nakata nini. Siku zote hizi nimekuwa nikitafuta namna ya kukujibu na kila nikifungua mdomo natoa habari za dawa za malaria. Basi leo nikusimulie hayo maneno tu yalikotoka, ili usije ukasema hukuambiwa.

Nilipompata baba yako alikuwa wakili kijana mwenye suti moja na mdomo mtamu. Wajomba zake walikuja kwa babu yako na mbuzi, blanketi, jembe, chumvi, koti la baba na kitenge cha mama. Babu yako alilivaa lile koti palepale na jua lile lote, akakataa kulivua mpaka wageni walipoondoka. Mchungaji akaomba, wamama wakapiga vigelegele, nikaenda kwa mume wangu. Komini hatukwenda. Komini ni ile ofisi ya serikali ambako ndoa inaandikishwa na kupigwa muhuri. Baba yako alisema tutakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo ikazaa nyingine. Wala sikuona neno. Katika mtaa wetu hakuna niliyemjua aliyekuwa amekwenda. Mtu alikuwa mke kwa sababu mahari ilipelekwa na majirani waliila nyama ya ile siku.

Wewe ukazaliwa, yeye akawa Baba Feza na mimi Mama Feza, na tangu hapo sikumwita jina jingine. Ningemwitaje?

Halafu akataka ubunge. Si ule mkubwa wa Kinshasa, ni bunge la jimbo. Feza, nikuambie kweli, baba yako alikuwa mbunge mzuri. Nasema hivi na meno yananiuma. Tulizunguka vijijini pamoja, yeye na mimi na wamama wa kanisa, tukiongozwa na Mama Mwamba. Huyo alikuwa rafiki yangu, mwanamke mnene, mchekeshaji, mume wake fundi wa mashine mgodini. Sauti yake ilikuwa haihitaji kipaza sauti. Akianza wimbo upande huu wa mto, upande wa pili wanaitikia. Baba yako aliona kitu kimoja katika safari zile, akakishika: kila tulipolala tulikuta mjane aliyefukuzwa. Mume akifa, mjane bado amekaa kwenye mkeka wa kilio, ndugu za mume wanakimbia ofisini kubadilisha jina la nyumba. Akirudi kutoka makaburini anakuta kufuli mpya. Baba yako alikaa chini na wale wanawake, aliwasikiliza mpaka chakula kikapoa, na usiku ule alilia. Nilimwona. Machozi yale hayakuwa ya kura.

Aliposhinda, akaipeleka ile habari bungeni. Akatunga sheria ya jimbo: ofisi isibadilishe jina la nyumba kabla mjane hajasikilizwa, na kama hana karatasi ya ndoa, majirani waitwe waseme wanachokijua. Wenzake wakamcheka. Mmoja akauliza, mke asiye na muhuri ni mke gani? Nilikuwa nimekaa juu, mahali pa wageni, nimevaa kitenge kipya. Baba yako akasimama akasema: "Waheshimiwa, aliyekwenda komini na mkewe anyooshe mkono." Mikono ikanyooka michache, ya kuhesabika. Akasema: "Kumbe humu ndani tumejaa wahuni tupu! Mimi mwenyewe sikwenda. Mke wangu yule pale juu. Mama Feza, simama wakuone."

Nikasimama. Bunge zima likageuka, wakapiga makofi, na sheria ikapita. Redio iliirudia habari ile siku kadhaa, na sokoni watu wakawa wananiita "mke wa makofi". Nilijisikia mtu, Feza. Usinicheke. Ulikuwa mdogo, hukumbuki, nilikununulia viatu vyekundu siku ile na ukalala navyo.

Sasa watu wakikusimulia watakuambia cheo kilimharibu. Mimi siamini hivyo. Uchaguzi uliahirishwa ukaahirishwa tena, wabunge wakabaki wamekaa tu, na kila asubuhi uani kwetu palijaa watu: huyu ana mgonjwa, huyu mwanawe amefungwa, huyu anataka tu kumwona Mheshimiwa anywe chai. Mwanzoni aliwapenda. Baadaye akawa anatokea mlango wa nyuma. Siku moja akaniambia: "Mama Feza, nimechoka kuomba na nimechoka kuombwa. Nataka kiti ambacho hakuna mtu atakayekipigia kura." Nikamhurumia. Serikali ilikuwa inaajiri majaji, yeye alikuwa na shahada yake, na kulikuwa na ukoo mmoja mkubwa pale mjini, wenye magari ya mizigo, wakalisukuma faili lake mpaka likafika linakotakiwa kufika. Nilifurahi kupita yeye. Kile kitambaa cheupe cha shingoni chenye mikunjo nilikishona mimi kwa mkono, nikakipiga pasi nikiimba.

Alipokaa kwenye kile kiti akanyamaza. Jaji hazoeleki, alisema. Akaacha kwenda sokoni, akaacha kwenda misibani, akaacha kula kwa watu. Hilo nililiheshimu, kwa maana jaji anayekula kwa kila mtu ni hatari. Lakini hata mtu akimsalimia njiani "Baba Feza, habari!" alipita kana kwamba ameitwa mtu mwingine. Nilimwambia, bwana, watu watasema unajivuna. Akasema waseme.

Ndipo mume wa Mama Mwamba akafa. Na wewe umeshakisia ukoo wake ulikuwa upi. Ndio, walewale wa magari ya mizigo. Shemeji zake hawakungoja hata arobaini. Walimwambia achukue chumba kimoja cha nyuma, nyumba waachiwe wao. Akaja kwangu akilia, akaniuliza akubali? Nikamwambia: "Weee! Ukubali nini? Kesi itakwenda kwa Baba Feza. Sheria ile si aliitunga yeye? Wimbo wa sheria ile si uliuimba wewe?" Akapangusa machozi, akacheka, akala kwangu sahani mbili za ugali wa bukari. Akakikataa kile chumba kwa neno langu. Hilo halijaniacha mpaka leo na sitaki liniache.

Siku ya hukumu nilimsindikiza. Nje ya mahakama majirani zake walikuwa wamekaa kwenye majani, wamevaa nguo za kanisani, wanangoja kuitwa waseme kwamba ndiyo, huyu alikuwa mke, tulikula nyama ya siku yake. Walikuja siku zote za kesi. Hakuna aliyeitwa, hata mmoja. Baba yako alisoma kwa Kifaransa, haraka haraka, macho kwenye karatasi, na karani akawa anatufasiria. Mlalamikaji hakuleta uthibitisho wa ndoa iliyoandikishwa. Kwa hiyo mahakama haiwezi kumtambua kama mjane. Huwezi kuwa mjane wa mtu ambaye hukuwa mke wake.

Mama Mwamba hakulia. Aligeuka akanitazama mimi. Si yeye jaji, mimi.

Nikasimama. Sikupanga kusimama, miguu ilisimama yenyewe. Nikasema: "Baba Feza, na mimi je?"

Hata wale wa magari ya mizigo walitazama chini. Nilikuwa sijatukana. Nilikuwa nauliza tu, kama ninavyomuuliza nyumbani kama atakula sasa au baadaye. Kama Mama Mwamba alipelekewa mahari na kubarikiwa na kuzaa na kupika na kuzika na si mke, mimi ni nani? Hakunitazama. Alimtazama karani akasema kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe: "Hapa hakuna Baba Feza. Askari, mtoe huyu mama nje."

Huyu mama!

Askari alikuwa kijana tunayesali naye. Alinishika kiwiko polepole akininong'oneza "pole mama, pole mama" mpaka mlangoni.

Jioni baba yako alirudi, akanawa, akala. Alikula vizuri tu. Nilipomuuliza, alinijibu kwa utulivu, na nakuandikia jibu lake kama lilivyokuwa kwa sababu nawe atakupa hilohilo na utaliona zuri: "Mbunge anasema sheria iwe namna gani. Jaji anasema sheria ilivyo. Mimi si yule tena." Zuri, eh? Nimelifikiria jibu hilo miaka yote hii nikishona zipu za watu, na kila nikilifikiria naliona zuri zaidi, na kila mara nawaona wale majirani kwenye majani na nguo zao za kanisani. Sheria ilivyo ilisema waitwe. Aliiandika yeye.

Nikamwambia basi, kesho twende komini, sisi tuandikishe yaishe. Akasema haraka ya nini. Nikangoja, nikasema tena. Akasema nisimbane. Nikasema mara ya tatu, akaondoka mezani. Halafu siku moja nikasikia sokoni, nikiwa nimeshika mafungu ya majani ya sombe, kwamba jaji amekwenda komini asubuhi ile na binti wa ukoo ule, na mashahidi, na mpiga picha. Kumbe njia ya komini alikuwa anaijua!

Mahakamani sikwenda. Ningekwenda kwa jaji gani? Nilikubeba wewe na cherehani ya mkono, na aliyenisindikiza mpaka kwenye gari la mpakani Kasumbalesa ni Mama Mwamba, ambaye wakati huo alikuwa analala kwa dada yake sebuleni. Nilianza kumwomba msamaha akanikatiza. "Nyamaza, mtoto atachelewa." Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Sijui yuko wapi. Ukimwona mwanamke mnene mwenye sauti, msalimie.

Mengine unayajua mwenyewe. Zambia, Zimbabwe, mpaka huku kusini, kile chumba cha Rosettenville, baadaye hapa Turffontein. Ulikua ukijua tu kwamba una baba kwetu, mtu mkubwa. Ulipouliza nilikuambia alikuwa mbunge aliyewatetea wajane, na nikakusimulia habari ya makofi. Nikaishia hapo. Nilisema mtoto asikue akimchukia babake, atakuja kujua akiwa mkubwa. Eish. Matokeo yake nimemtunzia baba yako jina lake kwa mikono yangu, nimelifua na kulipiga pasi, yeye hakufanya kazi yoyote. Alipopiga simu mwaka jana akakuta binti ambaye tayari anampenda. Nani kamlea hivyo? Mimi mjinga.

Na mimi si kiziwi, Feza. Najua kwa nini unaitaka ile karatasi. Umekulia kwenye foleni ya vibali, umesimama na mimi kwenye baridi tangu alfajiri huku tunaambiwa rudini wiki ijayo. Wenzako wa chuo wanapanga safari, wewe unapanga kibali kisiishe. Siku ile mtu alipokuita mgeni pale kwenye taa za robot, na Kizulu chako kile safi kuliko chake, hukuimba siku nzima. Kuwa na mahali ambako jina lako limeandikwa na hakuna wa kulibishia, nani hataki? Yule Mkenya wa benki anayekaa Observatory, ninayemshonea magauni, nilimsimulia kidogo. Akaniambia: "Si ni afadhali mtoto apate haki yake, Mama Feza? Wewe ushapata hasara yako." Nilimchoma na pini. Nikamwambia samahani, mkono umeteleza. Haukuteleza. Lakini alisema kweli na wewe mwenyewe ungesema vilevile kama usingekuwa unanionea haya.

Kwa hiyo sikuambii usikubali. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili nikaikata, "usikubali", nikaona nakufanyia yaleyale, nakuweka kwenye kiti halafu nakutoa nje. Karani atakapoyasoma yale maneno, kuzaliwa kwako nje ya ndoa, utaulizwa, na utajibu unavyotaka. Nitakuwa hapa, nitakuwa nashona. Ninachotaka ni kwamba ukisema ndiyo, uwe unajua unaisema juu ya nani. Unaisema juu ya mwanamke aliyesimamishwa bungeni akapigiwa makofi kwa kuwa mke, na akatolewa mahakamani kwa kuuliza kama ni mke, na mtu yuleyule, kwa sauti ileile. Hakubadilika hata kidogo katikati. Bungeni alinihitaji nisimame, mahakamani alinihitaji nikae. Mimi tu ndiye niliyedhani mara zote mbili ni mapenzi.

Na sasa anakuhitaji wewe. Kule watu wananong'ona kwamba jaji anayepandishwa cheo alimtupa mtoto wake, na wapo wanaokitaka kiti hicho. Watu wanaotoka kule hunisimulia, wewe unafikiri wanakuja kwangu kupima nguo tu? Kwa hiyo atakuwa mtu mzuri sana, Feza. Hilo ndilo linanitia hofu, si ubaya wake. Atakupokea kituoni mwenyewe bila dereva. Atakuuliza habari za masomo na atasikiliza majibu, yule mtu anajua kusikiliza, chakula kitapoa. Pengine atalia. Machozi yatakuwa ya kweli, maana ya kweli anayo, hajawahi kukosa. Utapenda vidole vyake, vimefanana na vyako. Atakuambia kwamba mama yako ni mwanamke hodari, na kwamba yeye alikosea, na kwamba siku moja angependa aniambie mwenyewe.

Mpende kama moyo unataka. Jina lake lichukue, karatasi ichukue, kaa mstari wa mbele uvae lile gauni la bluu, nimelipunguza kiunoni. Nitamjibu kila atakayeniuliza kwamba binti yangu amekwenda kwa baba yake, na sitasema neno zaidi.

Kitu kimoja tu nakuomba, na hiki nakuomba kwa magoti. Usinipigie simu kuniambia amebadilika. Nimejenga maisha hapa ya kutosha kumchukia nayo, nina wateja, nina kanisa, nalala usingizi. Lakini ukinipigia wewe, kwa sauti yako hiyo ya asubuhi, ukasema, "Ma, amebadilika, anakuulizia," nitakuamini palepale. Nitaifunika cherehani, nitasuka nywele, nitakaa hapa dirishani kungoja aniite.

Usinifanyie hivyo, mwanangu.

Mama yako